Asidi ethanoiki na NaOH: majibu ya (a) na (b) yametoka wapi?

Mwalimu wa Igoma

Wakuu, habari za jioni. Kikundi changu cha kidato cha sita hapa Igoma tumefika kwenye asidi dhaifu na besi kali, na swali moja limetugawa vipande vipande.

Chupa ya koniko ina mL 25.0 za asidi ethanoiki 0.10 M. Bureti ina NaOH 0.10 M. Tafuta pH baada ya kuongeza NaOH (a) mL 10.0, (b) mL 25.0, (c) mL 30.0. Ka (kigezo cha kuachanika kwa asidi) = 1.8 × 10⁻⁵, nyuzi joto 25.

Kipengele (a) kimeleta 3.06, 4.92 na 4.35. Kipengele (b) kimeleta 7.00, 8.87 na 5.28. Kipengele (c) karibu wote wana 11.96, hapo sina neno.

Jibu sahihi ninalo, si hilo ninaloomba. Jedwali la mwanzo, badiliko na msawazo wanalichora safi kabisa, lakini bado wanapotea. Nisaidieni kujua kila jibu hapo juu limetoka wapi, na jinsi ya kupanga hatua ili mtoto akikaa peke yake na karatasi ajue aanzie wapi.

---

Moli Kwanza

Mwalimu, jedwali halina kosa, ila wanalichora mapema mno. Swali la namna hii lina kazi mbili na haziruhusiwi kuchanganywa.

Kazi ya kwanza ni mmenyuko wenyewe:

CH₃COOH + OH⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O

Kigezo cha msawazo cha mmenyuko huu ni Ka ÷ Kw (Kw ni kigezo cha maji, [H⁺] × [OH⁻]), yaani 1.8 × 10⁻⁵ ÷ 1.0 × 10⁻¹⁴ = 1.8 × 10⁹. Kwa namba kubwa hivyo, kati ya asidi na OH⁻ kile kilicho kidogo huisha chote. Hapa hakuna x (kiasi kinachoachanika kwenye msawazo) wala kipeuo cha pili, ni kutoa na kujumlisha milimoli tu. Na ni milimoli, si molariti, kwa sababu ujazo unabadilika kila unapofungua bureti.

Ukimaliza, andika orodha ya vilivyobaki ndani ya chupa. Orodha hiyo ndiyo inayokuambia kazi ya pili ni ipi:

– Asidi dhaifu peke yake: tumia Ka.
– Asidi dhaifu pamoja na chumvi yake (CH₃COO⁻): hiyo ni bafa.
– Chumvi peke yake: CH₃COO⁻ ni besi dhaifu, tumia Kb (kigezo cha besi).
– OH⁻ iliyozidi: besi kali inatawala, vingine visahau.

Sasa (a). Asidi: 25.0 × 0.10 = milimoli 2.5. OH⁻: 10.0 × 0.10 = milimoli 1.0. Baada ya mmenyuko kuna asidi milimoli 1.5, chumvi milimoli 1.0, OH⁻ hakuna. Ni bafa.

[H⁺] = Ka × asidi ÷ chumvi = 1.8 × 10⁻⁵ × 1.5 ÷ 1.0 = 2.7 × 10⁻⁵, pH = 4.57.

Ujazo wa mL 35.0 haukuhitajika kwa sababu asidi na chumvi zimo kwenye chupa moja, kwa hiyo unajikata juu na chini.

Aliyepata 3.06 alitoa vizuri, akabaki na asidi 1.5 ÷ 35.0 = 0.0429 M, kisha akaisahau chumvi. Akakokotoa kipeuo cha pili cha Ka × 0.0429 kana kwamba asidi iko peke yake. Kipeuo cha pili kinafaa pale tu ambapo H⁺ na CH₃COO⁻ zote zimetoka kwenye asidi ile ile kwa idadi sawa. Hapa CH₃COO⁻ tayari ni 0.0286 M kabla msawazo haujaanza kuhesabiwa.

Aliyepata 4.92 amegeuza uwiano, ameweka asidi juu ya chumvi ndani ya logi.

Aliyepata 4.35 ameandika 1.0 ÷ 2.5. Chumvi ameipata lakini asidi hakuipunguza. Huyu ukimwonyesha safu ya pili ya hesabu ya milimoli anajirekebisha mwenyewe.

Kipengele (b): milimoli 2.5 kwa milimoli 2.5, vyote vimeisha. Kilichobaki ni CH₃COO⁻ milimoli 2.5 ndani ya mL 50.0, yaani 0.050 M. Hapa ujazo una kazi, usiuruke.

Kb = Kw ÷ Ka = 5.56 × 10⁻¹⁰
[OH⁻] = √(5.56 × 10⁻¹⁰ × 0.050) = 5.27 × 10⁻⁶
pOH = 5.28, pH = 14.00 − 5.28 = 8.72

Kwa hiyo katika yale matatu hakuna hata moja lililo sahihi. Wa 5.28 ameishia kwenye pOH. Wa 8.87 amesahau kwamba ujazo umeongezeka mara mbili, akatumia 0.10 M. Wa 7.00 hakukokotoa chochote, ameamini kwamba asidi na besi zikimalizana lazima pH iwe 7. Hiyo ni kweli kwa HCl na NaOH, kwa kuwa Cl⁻ haina haja na protoni ya maji. CH₃COO⁻ inayo.

Huyu wa 7.00 ndiye wa kukaa naye zaidi. Wengine wamekosea hesabu, yeye amekosea kemia.

Kwa (c) kilichobaki ni OH⁻ milimoli 0.5 ndani ya mL 55.0 = 9.1 × 10⁻³ M, pOH 2.04, pH 11.96. Sawa kabisa.

---

Pima Tena

Naunga mkono mtiririko wa Moli Kwanza. Naongeza namna ya kunusa jibu baya kabla ya kulipeleka kwa mwalimu, maana kwenye mtihani hakuna wa kukuambia.

Weka alama mbili za kudumu. Ya kwanza ni kabla ya kuongeza tone lolote: √(1.8 × 10⁻⁵ × 0.10) = 1.34 × 10⁻³, pH 2.87. Ya pili ni katikati, mL 12.5, ambapo asidi na chumvi ziko sawa na pH = pKa (yaani −log Ka) = 4.74. Mililita 10.0 ziko kabla ya katikati, kwa hiyo jibu la (a) lazima liwe kati ya 2.87 na 4.74. Hapo 4.92 inaanguka yenyewe bila kukokotoa kitu.

Lakini 3.06 na 4.35 zinapita kwenye chujio hilo, ndiyo maana alama mbili hazitoshi. Cha uhakika ni kurudisha jibu ndani ya Ka. Chukua pH 3.06, yaani H⁺ 8.8 × 10⁻⁴. Zidisha kwa chumvi, gawanya kwa asidi: unapata takriban 6 × 10⁻⁴. Ka ni 1.8 × 10⁻⁵. Umepishana zaidi ya mara 30, jibu halifai. Inachukua nusu dakika kwenye kikokotoo.

Na tusiwafiche wanafunzi jambo la makadirio ya 5%, yaani x huachwa tu ikiwa chini ya 5% ya asidi. Ile tabia ya kuandika "x ni ndogo, iache" na kusonga mbele bila kupima ina siku yake ya kuumbuka. Kwa asidi ethanoiki 0.10 M, x ni 1.34% ya asidi, salama. Chukua asidi kloroethanoiki 0.010 M, Ka 1.4 × 10⁻³. Kwa njia ya mkato x = √(1.4 × 10⁻⁵) = 3.7 × 10⁻³, ambayo ni 37% ya asidi yote. Huwezi kuacha 37%. Tatua mlinganyo wa kwadratiki:

x² + 1.4 × 10⁻³ x − 1.4 × 10⁻⁵ = 0
x = 3.1 × 10⁻³, pH 2.51

Njia ya mkato ingekupa 2.43. Tofauti ni ndogo machoni ila msahihishaji anaiona. Kipimo cha haraka kabla ya kuanza: gawanya ukolezi kwa Ka. Ikizidi 400 hivi, acha x kwa amani. Hapa 0.010 ÷ 0.0014 ni kama 7, kwa hiyo usijaribu.

Mahali ninapotofautiana na wengi ni ile fomula ya Henderson–Hasselbalch. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu ni mstari mmoja. Ningeifungia kabatini mpaka waweze kuandika Ka na kuweka namba kwa mkono. Anayeandika [H⁺] = Ka × asidi ÷ chumvi ni vigumu kugeuza uwiano, kwa sababu umetoka kwenye Ka yenyewe mbele ya macho yake. Anayekariri pH = pKa + logi ya kitu juu ya kitu, siku ya presha anageuza.

---

Moli Kwanza

Pima Tena, kuifungia kabatini sikubali. Kwenye maswali ya kutengeneza bafa, kwa mfano "unataka pH 5.00, uwiano uwe kiasi gani", ile fomula inakwenda moja kwa moja: 5.00 − 4.74 = 0.26, uwiano wa chumvi kwa asidi ni 1.8. Ila wajue mipaka yake. Haifanyi kazi kwenye (b), kwani asidi imekwisha na utajikuta unagawanya kwa sifuri. Haifanyi kazi mwanzoni kabisa pia, chumvi haipo. Ukiona uwiano umetoka nje ya 0.1 hadi 10, simama ufikiri upya.

---

Maabara Nyegezi

Mmemaliza karatasi, niingie kwenye meza ya maabara, maana swali hili hili hurudi kama vitendo.

Kiashiria kwanza. Pale asidi na besi zinapomalizana pH ni 8.72. Fenolifthalini hubadilika kati ya 8.3 na 10, inafaa. Methili oranji hubadilika kati ya 3.1 na 4.4. Ukiitumia hapa, njano kamili inatokea pH 4.4. Weka 4.4 ndani ya Ka: uwiano wa chumvi kwa asidi ni 0.45, maana yake asidi iliyomalizwa ni 31% tu. Bureti itasoma kama mL 7.8 badala ya 25.0. Na rangi haitaruka kwa tone moja, itajivuta nyekundu, chungwa, njano kwa mililita kadhaa kwa sababu uko ndani ya eneo la bafa. Mwanafunzi akikuletea masomo ya bureti matatu yaliyotawanyika, 6.9, 7.8, 8.4, usimkaripie mkono wake. Uliza kwanza amedondoshea kiashiria gani.

Ya pili ni waridi inayofifia. Fenolifthalini ikigeuka waridi hafifu kisha ikapotea baada ya dakika moja au mbili, usiongeze NaOH. Ni kaboni dayoksaidi ya hewani inaingia na kushusha pH chini ya 8.3. Waridi ikidumu sekunde 30 huku unazungusha chupa, soma bureti.

Ya tatu, chupa ya NaOH iliyoachwa wazi. Inanyonya kaboni dayoksaidi na sehemu yake inageuka Na₂CO₃. OH⁻ mbili zimekuwa CO₃²⁻ moja, na kwa fenolifthalini CO₃²⁻ inapokea protoni moja tu. Kwa hiyo ukolezi wa NaOH yako ni mdogo kuliko lebo inavyosema, bureti inasoma juu, na ukolezi wa asidi unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ipime upya kwa asidi oksaliki kabla ya kipindi.

Ya nne inatuhusu sisi wa kandokando ya ziwa. Maji ya bomba au ya ziwa si maji ya kutengenezea myeyusho, hata yawe yanang'aa vipi. Yana HCO₃⁻. Tuseme yana 1.0 × 10⁻³ M, nawe umetengeneza HCl 0.0010 M kwa maji hayo ukitegemea pH 3.00. H⁺ yote inachukuliwa na HCO₃⁻, na kinachobaki ni asidi ya kaboni 1.0 × 10⁻³ M. Kwa Ka ya kwanza 4.3 × 10⁻⁷:

[H⁺] = √(4.3 × 10⁻⁷ × 1.0 × 10⁻³) = 2.1 × 10⁻⁵, pH 4.68

Na kaboni dayoksaidi ikiendelea kutoroka, pH inapanda zaidi. Mtu anabaki analaumu kipimo cha pH. Maji yaliyochemshwa bila kukamata mvuke wake hayasaidii, chumvi nyingine zinabaki ndani. Unahitaji maji ya kukenekwa. Nayo yakikaa wazi hushuka hadi pH ya 5.6 hivi kwa kaboni dayoksaidi ya hewa, kwa hiyo yachemshe dakika chache, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo uyatumie.

---

Mwalimu wa Igoma

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Hilo la mL 7.8 nitawapa kesho kama swali, wakokotoe wenyewe.

Wana swali lingine. Wamezoea asidi ethanoiki mpaka ukiwapa amonia wanaganda. Kuna mfano wa huku kwetu wa amonia utakaowaingia?

---

Sato Bwawani

Upo mwalimu, na ni wa kila siku kwa anayefuga sato.

Samaki wanatoa amonia, na chakula kinachobaki kikioza kinaongeza. Ndani ya maji kuna msawazo huu:

NH₄⁺ ⇌ NH₃ + H⁺, pKa 9.25 kwenye nyuzi 25

NH₄⁺ haina madhara makubwa kwa samaki. NH₃ haina chaji, inapenya kwenye matamvua kirahisi, hiyo ndiyo sumu. Sasa kifaa cha rangi cha kupimia maji kinasoma zote mbili kwa pamoja. Kikisema 2.0 mg/L, bado hujajua lolote mpaka upime pH.

Wape wanafunzi: sehemu ya NH₃ = r ÷ (1 + r), ambapo r ni 10 kwa kipeo cha (pH − 9.25).

pH 7.0: r = 0.0056, NH₃ ni 0.56%, yaani 0.011 mg/L.
pH 8.0: r = 0.056, NH₃ ni 5.3%, yaani 0.11 mg/L.
pH 9.0: r = 0.56, NH₃ ni 36%, yaani 0.72 mg/L.

Kipimo kile kile cha 2.0, sumu imeongezeka zaidi ya mara 60. Angalia pia kwamba kutoka 7 kwenda 8 iliongezeka karibu mara 10, lakini kutoka 8 kwenda 9 ni kama mara 7 tu. Waulize kwa nini. Jibu liko kwenye ile 1 + r: pH ikikaribia pKa, r si ndogo tena na huwezi kuiacha. Ni yale makadirio ya 5% ya Pima Tena yamekuja kwa mlango mwingine.

Kwa vitendo: kwenye bwawa la kijani lenye mwani mwingi, mwani unanyonya kaboni dayoksaidi mchana kutwa na pH inapanda. Asubuhi unaweza kukuta 7.5, saa tisa alasiri ikavuka 9. Kwa hiyo anayepima asubuhi peke yake anajidanganya. Pima alasiri. Na joto lipo: maji yakifika nyuzi 30, pKa inashuka hadi 9.1 hivi, na kwenye pH 9.0 NH₃ inavuka 40%.

Amonia ikiwa juu, simamisha kulisha na ubadilishe sehemu ya maji. Usimwage chokaa iliyozimwa kwa wazo la "kusafisha bwawa". Ca(OH)₂ inapandisha pH, unaihamisha NH₄⁺ kwenda NH₃ kwa mkono wako. Kwenye vizimba vya ziwani hatari ni ndogo kidogo kwa sababu maji yanapita, mradi kizimba hakijawekwa kwenye kina kifupi ambapo uchafu unarundikana chini yake.

---

Pima Tena

Mfano mzuri. Na kwa karatasi: mL 25.0 za NH₃ 0.10 M na HCl 0.10 M, mL 25.0. Vikiisha vyote kinabaki NH₄⁺ 0.050 M, Ka 5.56 × 10⁻¹⁰, H⁺ 5.27 × 10⁻⁶, pH 5.28. Yule kijana wako wa 5.28 alikuwa na jibu sahihi la swali lingine. Kiashiria hapa ni methili redi, 4.4 hadi 6.2. Fenolifthalini ingepoteza rangi mapema mno.

---

Mwalimu wa Igoma

Ahsanteni. La mwisho, kuna binti mmoja ameleta HCl 1.0 × 10⁻⁸ M akasema pH ni 8.00, na anasema fomula haidanganyi.

---

Moli Kwanza

Fomula haidanganyi, ila amesahau maji. Muulize kwanza: asidi ikiongezwa kwenye maji safi, pH inaweza kupanda juu ya 7? Akishasema hapana, muonyeshe kwamba H⁺ inatoka sehemu mbili. Chaji lazima zilingane:

[H⁺] = [Cl⁻] + [OH⁻] = 1.0 × 10⁻⁸ + 1.0 × 10⁻¹⁴ ÷ [H⁺]

[H⁺]² − 1.0 × 10⁻⁸ [H⁺] − 1.0 × 10⁻¹⁴ = 0

[H⁺] = 1.05 × 10⁻⁷, pH 6.98.

Kosa linalofuata huwa ni kujumlisha 10⁻⁷ na 10⁻⁸ moja kwa moja na kupata 1.1 × 10⁻⁷, pH 6.96. Limekaribia ila si sahihi, kwa sababu H⁺ ya asidi inasukuma maji yaachanike kidogo kuliko yalipokuwa peke yake. Juu ya ukolezi wa 10⁻⁶ M hivi asihangaike na haya, H⁺ ya maji haionekani kwenye desimali mbili.